Sebule Isiyokuwa na King'ora

Kazi ya kwanza ya Valentine kila asubuhi ilikuwa kuwasha hita ya sebuleni. Alipiga magoti kwenye zulia, akabonyeza kitufe kilichofutika rangi, akakizungusha taratibu mpaka gesi ikashika moto kwa kishindo kidogo. Ndipo alipokwenda jikoni kukoroga uji. Akirudi alimwamsha mdogo wake Elkana na kumvalisha soksi mbili mbili, maana baridi ya London mwezi wa Januari haichezi na mtu, na Elkana alikuwa na miaka mitano tu.

Nyumba yao ilikuwa Woolwich, kwenye mtaa unaopanda kilima kutoka sokoni. Ilikuwa nyumba kuukuu yenye vyumba vikubwa na kuta zenye unyevu, na chumba kilichopata joto la kweli kilikuwa kimoja tu, sebule. Kwa hiyo baridi ilipoanza, magodoro yalishushwa na familia nzima ikahamia humo. Walikula humo, walisali humo, walilala humo. Hita yenyewe ilikuwa ya zamani, imefungwa ukutani mahali ambapo watu wa enzi zile walikuwa wakikoka makaa, na moshi wake ulipanda kwa dohani ileile ya matofali. Mwanzoni mwali wake ulikuwa wa buluu. Majira yale ulikuwa umegeuka manjano, na ukutani juu yake palikuwa na doa jeusi la masizi. Elkana alipenda kuchora kwa kidole kwenye doa lile, sura za watu wenye masikio makubwa.

Mama yao, Teresia, au Mama Valentine kama Wakenya wenzake walivyomwita, alifanya kazi ya usiku katika makao ya wazee. Alifika asubuhi watoto wakimalizia uji, miguu imemvimba, lakini mdomoni ana wimbo. Sauti ya mama huyu, wacha tu. Akianza wimbo, hata mwenye huzuni zake alijikuta anaitikia. Ndiye aliyeanzisha nyimbo katika ushirika wa Wakenya waliokutana kila Jumamosi alasiri nyumbani kwa mmoja wao, wakaimba, wakaomba, kisha wakanywa chai na mandazi. Binti yake Valentine alizaliwa hapohapo London. Kiswahili alikielewa chote, ila ulimi wake ulikuwa mvivu. Mama alimwuliza kwa Kiswahili, yeye akajibu kwa Kiingereza, na mama alishachoka kumgombeza.

Sauti hiyohiyo ya mama ndiyo iliyowaletea aibu. Jumamosi moja jirani wa ukuta wa pili, mzee wa Kiingereza asiyekuwa na ubaya na mtu, aligonga mlango akaomba kwa adabu wapunguze kelele. Mama alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu siku hiyo, ushirika ukiwa kwake, alifunga madirisha yote, akashusha mapazia, kisha akapanda juu ya kiti na kulisokomeza kitenge kwenye tundu la hewa lililokuwa juu ukutani, ili nyimbo zisitoke nje. Baridi ilipozidi akaona hakuna haja ya kukitoa tena kitenge kile, kwani kilizuia na upepo pia. Kikakaa humo. Likumbuke tundu hilo, msomaji wangu.

Nyumba ilikuwa ya Mzee Wanjohi, na hapa lazima nieleze vizuri, maana usipolielewa hili hutaelewa kwa nini watu wenye akili zao walifanya walivyofanya. Baba yake Valentine alipofariki, Mzee Wanjohi ndiye aliyezunguka kanisa moja baada ya jingine akiomba mchango, mpaka maiti ikasafirishwa kwa ndege na kuzikwa Nakuru, kwa watu wake. Kisha akawapangisha wafiwa nyumba yake kwa kodi waliyoiweza. Alikuwa kiongozi wa ushirika, mtu mkarimu, mwenye kicheko cha karibu. Mtu wa namna hiyo humwendei na malalamiko. Bomba likivuja unafunga kitambaa, mlango ukikwama unauinua kidogo, na siku zinakwenda.

Maumivu ya kichwa yalianza kama mchezo. Mama alisema ni uchovu wa kazi ya usiku. Valentine alidhani anahitaji miwani. Elkana alipoanza kutapika, wakasema ni homa ya shuleni, watoto huambukizana. Jambo la ajabu, nalo hakuna aliyelitia maanani, ni kwamba wakitoka nje walipata nafuu. Shuleni Elkana alicheza vizuri na wenzake. Jioni akirudi na kuketi karibu na hita, alianza tena kulia na kushika kichwa.

Siku moja watu wa zimamoto walitembelea shule ya Valentine. Afisa aliyezungumza na darasa lao alikuwa dada mmoja aliyeitwa Nishma, mfupi, mwenye buti kubwa zilizowachekesha wanafunzi. Alipoanza kusema, kicheko kikaisha.

"Kuna hewa moja inaitwa kaboni monoksaidi," alisema. "Haina rangi, haina harufu, haimkohozi mtu. Inatokea gesi, kuni au makaa yanapoungua vibaya, na moshi ukikosa njia ya kutoka. Unaumwa kichwa, unapata kizunguzungu, unatapika, unadhani ni mafua. Ukilala humo, huenda usiamke."

Alitoa mfukoni kijisanduku cheupe kama kipande cha sabuni, akakibonyeza. Mlio mkali ukapiga, na wanafunzi wote wakaziba masikio.

"Hiki ni king'ora chake. Pua yako haiwezi kazi hii, hiki kinaiweza. Sheria ya hapa Uingereza inasema mwenye nyumba anayepangisha ni lazima akiweke katika kila chumba cha kukaa chenye kifaa kilichofungwa kinachochoma gesi, kuni au makaa. Jiko la gesi la kupikia pekee ndilo halimo katika sheria hiyo. Siku mpangaji anapoingia, mwenye nyumba ahakikishe kinafanya kazi. Kikiharibika baadaye, mpangaji akimwarifu, ni juu yake kukitengeneza au kuleta kingine."

"Na asipofanya?" aliuliza kijana mmoja, Munir.

"Baraza la mtaa litamwamuru afanye. Akikaidi, atatozwa faini. Lakini hewa hii haingojei baraza likutane, kwa hiyo usinyamaze." Akawatazama. "Nani hapa nyumbani kwao kuna hita ya gesi au boila ya kupashia maji chumbani, na hakuna king'ora? Ainue mkono. Hakuna ubaya. Mwisho wa somo nitazungumza na mwalimu wenu tuone namna ya kuwasaidia."

Mikono miwili mitatu iliinuka. Wa Valentine ulianza kuinuka, nao ukaishia begani, akajifanya anajikuna. Kwenye kiti cha pembeni yake alikuwa ameketi Tatiana, rafiki yake mkubwa, binti wa Mzee Wanjohi. Tatiana alikuwa ameijua sebule ile tangu utotoni. Alimtazama Valentine mara moja, kisha akainamia dawati lake. Valentine aliikalia mikono yake yote miwili. Angeinuaje mkono na kumwanika baba wa mwenzake mbele ya darasa zima? Afisa Nishma akaendelea na mambo mengine, na nafasi ikapita.

Jioni ile Valentine alimweleza mama yake kila kitu, mwali wa manjano, masizi, vichwa vinavyouma. Alieleza kwa Kiingereza, haraka haraka, akirudia maneno. Mama alikuwa akivaa sare ya kazi. Alisimama na kifungo kimoja mkononi.

"Mzee Wanjohi alimzika baba yako," alisema taratibu. "Leo nimpigie simu nimtajie sheria? Nimtajie baraza la mtaa? Atasema nimesahau nilikotoka."

"Basi tununue wenyewe, mama. Dukani kule wanaviuza."

"Tukitundike ukutani, na Jumamosi ushirika ni hapa? Aingie, akione, ajue tunamsema?" Mama alitikisa kichwa. "Nitamwambia. Siku akiwa ametulia nitamwambia kwa upole. Wewe ni mtoto, niachie mimi."

"Naweza kufungua dirisha?"

"Mdogo wako ana homa, Valentine."

Valentine alilifungua hata hivyo, kidogo tu, mama alipotoka kwenda kazini. Mama mmoja wa ushirika aliyekuja kulala nao akalifunga, akalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawajui baridi. Na Valentine, nisimfiche, aliona amefanya sehemu yake. Alikuwa amesema. Kama wakubwa wamesikia wakanyamaza, yeye ni nani?

Kufikia Jumamosi Elkana hakuweza tena kusimama vizuri. Mama naye alikuwa ameomba ruhusa kazini na kukaa nyumbani siku kadhaa akimwuguza, kwa hiyo alikuwa amekaa ndani ya hewa ile mchana na usiku. Aliposimama alishika ukuta. Ushirika ulipofika alasiri, walikubaliana siku hiyo waombe hasa kwa ajili ya mtoto. Mama akafunga madirisha, akashusha mapazia. Kitenge kilikuwa tayari mahali pake. Kwa ajili ya wageni, hita ikafunguliwa mpaka mwisho.

Walijaa kabisa, viatu vyao vimepangwa mlangoni, makoti yamerundikwa kwenye ngazi. Elkana alilala godoroni karibu na hita. Mama alipiga magoti kando yake, akaanzisha wimbo, na watu wakaitikia kwa sauti ya chini, kwa heshima ya jirani. Kisha Mzee Wanjohi akaongoza maombi. Kila mtu alifumba macho na kuomba kwa maneno yake mwenyewe, sauti zikapanda na kushuka.

Valentine alikuwa amekaa karibu na mlango, tayari kwa kugawa chai. Kichwa kilimgonga. Tatiana, aliyeketi naye, alimwegemea begani.

"Nasikia kutapika," Tatiana alinong'ona.

"Umekula nini?"

"Sijala kitu. Nilikuwa mzima kabisa nje pale."

Maneno hayo yalimchoma Valentine. Aliangaza macho chumbani. Mama mmoja alikuwa akijipepea. Mzee mwingine alikuwa akijikanda paji la uso. Na mama yake alikuwa bado amepiga magoti, paji la uso limelala juu ya kiti cha kochi, mikono imelegea pembeni. Watu walimwona. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba Mama Valentine leo amezama katika maombi, mwacheni amlilie Mungu wake. Hakuna aliyemgusa, kwa kuwa mtu akiwa katika hali ile haguswi.

Lakini Valentine alimjua mama yake. Mama yake haombi kimya. Mama yake akiomba husikika mpaka jikoni.

Katika nyumba za watu wale mtoto hakatizi maombi. Hata simu ikilia, hata chungu kikiungua, mtoto anangoja amina. Valentine alingoja pumzi moja, akaona Mzee Wanjohi amevuta pumzi kuanza tena, akasimama.

"Acheni," alisema. Sauti haikutoka vizuri. Akasema tena kwa nguvu, na kilichomtoka kilikuwa Kiswahili. "Acheni kuomba, tafadhalini. Mama haombi. Amezimia. Kuna hewa ya sumu humu ndani. Tokeni nje."

Mzee Wanjohi alifumbua jicho moja, akamwashiria kwa mkono aketi. Labda alidhani mtoto amepagawa kwa woga wa kumwona mdogo wake mgonjwa. Valentine hakuketi. Aliwaruka watu, akavuta pazia, akalisukuma dirisha juu kwa mikono yote miwili. Baridi ikaingia kwa nguvu, na watu wakafumbua macho.

Wa kwanza kuelewa alikuwa Mama Restuta, Mtanzania aliyesali nao, muuguzi kwa kazi yake. Alimshika Teresia begani, na mwili wake ukaanguka upande kama gunia. Mama Restuta alimtazama usoni, akaitazama hita, mwali ule wa manjano na masizi yale yenye sura za watu, akazima gesi palepale.

"Nje," alisema. "Wote. Hakuna kutafuta kiatu."

Wakatoka. Walimbeba Teresia wanaume wanne. Mzee Wanjohi alimkumbatia Elkana kifuani. Valentine alimburuta Tatiana, ambaye miguu ilikuwa imekataa. Walisimama kwenye lami ya barabara na soksi zao, katika baridi ile, wengine wakitapika kando ya magari. Jirani yule wa Kiingereza alitoka mlangoni kwake na mablanketi mikononi, akamfunika Elkana bila kuuliza kitu. Mama Restuta alipiga simu ya dharura huku amemlaza Teresia ubavu na kumshika kidevu ili apate kupumua.

Magari yalifika, ambulensi na ya zimamoto. Mtu wa zimamoto aliyevaa kinyago aliingia na kifaa kidogo mkononi, nacho kikaanza kulia kabla hajavuka kizingiti. Valentine aliujua mlio ule. Ulikuwa uleule wa darasani.

Afisa Nishma alikuwa miongoni mwao. Alipomaliza kuhesabu watu aliuliza, "Nyumba hii ni ya nani?"

"Yangu," alisema Mzee Wanjohi. Sauti yake haikuwa ile ya ushirika.

"King'ora cha sebuleni kiko wapi?"

Mzee Wanjohi alifungua mdomo. Alitazama upande wa ambulensi, walikokuwa wakimvalisha Teresia kinyago cha oksijeni, akatazama watu wake waliosimama na soksi. Mtu mwema akibanwa ukutani naye hutafuta mlango. "Kilikuwepo," alisema. "Nadhani kilikuwepo. Wapangaji huenda wali..."

"Hakijawahi kuwepo, baba," alisema Tatiana. Alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, blanketi mabegani, uso umekauka. "Hata siku moja. Mimi najua na wewe unajua."

Hakuna aliyemkemea. Mzee Wanjohi alivua kofia yake ya sufu, akaishika kwa mikono miwili.

"Mtoto amesema kweli," akasema mwishowe. "Hakikuwepo. Niliisikia sheria hiyo, nikasema ni ya watu wasiojuana. Sisi tunajuana. Hita nayo sikuwahi kuleta fundi aikague. Niliona inawaka, basi."

Afisa Nishma aliandika, kisha macho yake yakamwangukia Valentine. "Wewe ulikuwa katika darasa lile."

"Ndiyo."

"Sikukuona ukiinua mkono."

Valentine alitamani kulia, machozi hayakuja. "Sikuinua," alisema.

Afisa alimwekea mkono kichwani, akarudi kazini.

Elkana alipata nafuu kwanza. Kwa kuwa godoro lilikuwa chini na mlango ulikuwa ukifunguliwa kila mgeni alipoingia, madaktari walisema huenda alipata hewa kidogo zaidi; wao wenyewe hawakuwa na hakika. Tatiana alirudi nyumbani kesho yake. Mama ndiye aliyekawia. Alilala siku nyingi bila kujitambua, na kila jioni Valentine aliketi kando ya kitanda akisikiliza mashine. Mzee Wanjohi alikuja kila siku, akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, wala hakuthubutu kusogea karibu zaidi.

Mama alipofumbua macho, hospitali nzima ilifurahi, hata wafagizi. Valentine alimwinamia.

"Tatiana," mama alisema, akimtazama machoni. "Umekuja na Valentine?"

Hivyo ndivyo walivyojua hewa ile ilikuwa imechukua nini.

Mambo ya nyumba yalitengenezwa, tena upesi. Fundi wa gesi aliifungua hita, akakuta dohani imezibwa na matofali yaliyoporomoka, na moshi wote ulikuwa ukirudi chumbani, ambamo tundu la hewa nalo lilikuwa limezibwa kwa kitenge. Hita ilitolewa, ikawekwa boila mpya yenye bomba la kutolea moshi nje, na kando yake king'ora cheupe chenye taa ndogo ya kijani. Kwenye ngazi, juu na chini, viliwekwa ving'ora vya moshi. Watu wa baraza la mtaa walikuja, wakamtoza Mzee Wanjohi faini, naye hakubisha hata kwa nukta. Kilichomwuma kilikuwa kingine. Jumapili moja alisimama mbele ya kanisa, akasimulia yote kwa kinywa chake, pamoja na lile neno aliloanza kulisema barabarani kuhusu wapangaji. Akaacha uongozi wa ushirika. Watu wengine walilia. Wengine walirudi nyumbani kimya na kuanza kukagua kuta zao.

Mama alirudi nyumbani akiwa na daftari la kuandikia vitu anavyosahau, na mara nyingi alisahau daftari lenyewe. Kazi ya usiku haikuwezekana tena. Hakuna makao ya wazee yatakayomkabidhi dawa za watu mtu asiyekumbuka kama ameshakunywa chai. Aliacha sufuria motoni, akaita watoto kwa majina ya wadogo zake wa Nakuru, akauliza baba yao atarudi saa ngapi. Siku ya kwanza alipouliza hivyo, Elkana alikimbilia kwa dada yake akajificha. Baadaye wakazoea, kama watu wanavyozoea vitu wasivyovitaka.

Masika ya Ulaya yalipoanza, miti ikitoa majani, ushirika ulirudi nyumbani kwao kwa mara ya kwanza. Mzee Wanjohi alikuja wa mwisho, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi, kana kwamba hajui kama ataruhusiwa. Mama alikuwa sebuleni akipanga vikombe. Alimtazama kwa muda mrefu, jina likimkimbia, na Valentine aliona uso wa mzee yule ukiporomoka.

"Wanjohi," mama alisema hatimaye. "Ingia. Lakini kabla hujaketi, kibonyeze kile."

Mzee Wanjohi alikwenda kwenye king'ora, akakibonyeza. Kikalia mpaka Elkana akaziba masikio na kucheka. Watu wote walingoja kikome, wakaketi. Hakuna aliyeona kwamba ametukanwa.

Chai ilipokwisha gawiwa, mama alimwita Valentine akae karibu naye. Siku hiyo jina alilipata bila kutafuta.

"Kuna mambo mengi yamenitoka," alisema mbele ya wote. "Hili sijalisahau. Wewe uliniambia, mwanangu, na mimi nikakufunga mdomo. Nilidhani nikimwuliza Mzee Wanjohi nitamvunjia heshima. Lakini heshima gani hiyo ya kuniacha nife na mwanangu, na yeye abaki na damu yetu mikononi? Kama ningemheshimu kweli ningempigia simu siku ileile. Angekasirika, angenuna wiki moja, kisha angeleta king'ora, na leo ningekuwa kazini." Alipumua. "Sheria haikuwekwa kwa ajili ya watu wabaya peke yao. Sisi wema ndio tunaosahau, kwa sababu hakuna anayetuuliza. Basi nyinyi watoto, ulizeni. Mkinyamazishwa, ulizeni tena kwa mtu mwingine."

"Nisamehe, Teresia," alisema Mzee Wanjohi.

"Nilishakusamehe, au sijakusamehe bado? Sikumbuki," mama alisema, na akatabasamu kidogo. "Andika kwenye daftari, Valentine, kwamba nimemsamehe. Nisije nikaanza upya."

Kisha wakamwomba aanzishe wimbo, kama zamani. Mama alisimama. Sauti ilitoka ileile, nzito na safi, ubeti wa kwanza ukapita vizuri. Katikati ya wa pili maneno yalimtoka. Alisimama mdomo wazi, macho yakitafuta ukutani.

Valentine alisimama pembeni yake, akamshika mkono, akaimba ule mstari kwa Kiswahili, polepole, neno kwa neno, mama akimfuata nyuma. Waliimba hivyo mpaka mwisho wa wimbo. Tundu la hewa lilikuwa wazi na dirisha lilikuwa wazi, na sauti zao zilimfikia jirani wa ukuta wa pili. Siku hiyo hakugonga mlango.